Kuchagua Rais na Kuchagua Wajumbe: Habari za Uchaguzi wa Marekani wa Mwaka 1916

(Hotuba iliyosomwa barazani mbele ya wazee, walimu na wakulima)

Nimeombwa niseme nanyi juu ya kazi ya kuwachagua watu wa kutawala. Nimeona vema nisiwape mafundisho matupu, bali niwape habari ya mambo yaliyotokea kweli katika nchi moja, ili kila mtu ayapime mwenyewe. Nchi hiyo ni Marekani. Siku ya Jumanne, tarehe 7 Novemba, mwaka 1916, watu wa Marekani walimchagua Rais wao, na siku ile ile waliwachagua wajumbe wa mabaraza yao ya kutunga sheria.

Sababu ya kuichagua habari hii ni kwamba katika Kenya na Tanzania pia watu humchagua Rais na wabunge siku moja, na desturi ya wengi ni kulitazama jina la mtu mkubwa tu. Watu hubishana juu ya Rais njiani, sokoni na kisimani; lakini ukimwuliza mtu sababu ya kumchagua mbunge wake, mara nyingi hujibu kwamba aliona jina tu, au kwamba mbunge yule ni wa chama cha yule mkubwa. Nataka mwone leo jinsi katika Marekani jina lile dogo lilivyokuja kuamua vita na amani.

Kwanza yafaa tujue jinsi serikali ya nchi ile ilivyopangwa. Marekani ni muungano wa majimbo, na mwaka 1916 majimbo hayo yalikuwa 48. Baraza lake kuu la kutunga sheria huitwa Kongresi, nalo lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni Baraza la Wawakilishi, ambalo lilikuwa na wajumbe 435. Hao hukaa miaka miwili tu, kisha hurudi kwa watu kuomba tena. Sehemu ya pili ni Seneti, ambayo wakati ule ilikuwa na maseneta 96, wawili kwa kila jimbo, liwe kubwa au dogo. Seneta hukaa miaka sita, na kila baada ya miaka miwili theluthi moja ya maseneta humaliza muda wao. Rais hukaa miaka minne. Kwa hiyo kila mwaka wa kumchagua Rais ni mwaka wa kuwachagua pia wawakilishi wote na theluthi moja ya maseneta.

Zamani maseneta hawakuchaguliwa na watu wenyewe. Walichaguliwa na mabaraza ya majimbo. Desturi hiyo ilileta rushwa na ugomvi, na pengine kiti kilikaa kitupu muda mrefu kwa sababu wakubwa wa jimbo hawakupatana. Mwaka 1913 Katiba ilibadilishwa, watu wakapewa haki ya kuwachagua maseneta wao. Basi 1916 ulikuwa mwaka wa kwanza wa kumchagua Rais ambao wananchi wa majimbo waliwapigia maseneta kura kwa mikono yao wenyewe.

Tena Rais wa Marekani hapati kiti kwa jumla ya kura za watu wa nchi nzima. Kila jimbo hupewa wateule, nao hesabu yao ni sawa na wawakilishi wa jimbo pamoja na maseneta wake wawili. Mwaka 1916 wateule wote walikuwa 531, na mtu alihitaji 266 ili awe Rais. Kwa kawaida yule anayetangulia katika jimbo, hata kwa kura moja, huwachukua wateule wote wa jimbo lile. Kumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Jambo la mwisho la kujua ni mipaka ya madaraka. Katiba ya Marekani haikumpa Rais uwezo wa kutangaza vita. Imeuweka mikononi mwa Kongresi. Wala Rais hawezi kuufunga mkataba na mataifa mengine mpaka theluthi mbili za maseneta waliohudhuria wakubali. Wala hapati fedha za kazi ya serikali ila kwa sheria iliyopita katika Kongresi. Basi mtu anayemchagua Rais asimchague mjumbe ni kama mtu anayemchagua nahodha, asiulize habari za mabaharia.

Sasa na tuingie katika habari yenyewe. Rais wa mwaka 1916 alikuwa Woodrow Wilson wa chama cha Democrat. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Princeton, kisha gavana wa jimbo la New Jersey. Alikuwa amechaguliwa mwaka 1912, wakati chama cha Republican kilipogawanyika vipande viwili. Kipande kimoja kilimfuata Rais William Howard Taft, na kipande cha pili kilimfuata Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais kabla yake. Roosevelt huyu ndiye aliyeshuka Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1909, akasafiri bara kuwinda wanyama. Aliporudi kwao aliona Taft ameiacha njia yake, akaanzisha chama kipya kilichoitwa Progressive. Mafahali wawili wa zizi moja walipigana, na mtu wa tatu akapita katikati. Wilson alipata Urais, na chama chake kikapata karibu theluthi mbili za viti vya Baraza la Wawakilishi.

Lakini mwaka 1914 wawakilishi walirudi kwa watu kama ilivyo desturi, na chama cha Wilson kikapoteza viti vingi. Rais mwenyewe hakuguswa, kwa kuwa muda wake haujaisha. Watu walimwonya kwa njia ya wajumbe wake.

Ilipofika 1916, Warepublican walikuwa wamepatana kidogo, wakamchagua Charles Evans Hughes awe mgombea wao. Huyu alikuwa gavana wa New York hapo kwanza, kisha akawa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi. Mwezi wa Juni 1916 aliuacha ujaji ili agombee Urais. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye elimu kubwa, wala hakuna aliyemshuku uaminifu wake.

Jambo lililowasumbua watu mwaka ule lilikuwa vita vya Ulaya, vilivyoanza mwaka 1914. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani, ile ya kwenda chini ya maji, iliizamisha meli Lusitania, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo Wamarekani zaidi ya 100. Wengine walitaka nchi ilipize kisasi. Wengine walisema vita vile si vyao. Watu wa Wilson wakazunguka nchi nzima wakisema kwamba Rais amewaepusha na vita. Maneno hayo yaliwaingia wengi moyoni, hasa katika majimbo ya magharibi, ambako baadhi yake wanawake nao walikuwa wamekwisha kupata haki ya kupiga kura.

Hapa pana kisa kimoja cha California, jimbo lililo katika pwani ya magharibi. Gavana wa jimbo lile alikuwa Hiram Johnson, mtu mwenye nguvu sana kwa watu wake. Mwaka 1912 yeye ndiye aliyekuwa mgombea wa Makamu wa Rais pamoja na Roosevelt, kwa hiyo wakubwa wa zamani wa chama cha Republican walimchukia. Mwaka 1916 alikuwa akitaka useneta kwa chama kile kile cha Republican. Mwezi wa Agosti Hughes alifika California kuomba kura, na wakubwa wale wa zamani wakamzunguka. Siku moja Hughes alifikia katika hoteli moja ya mji wa Long Beach, na Johnson naye alikuwamo katika hoteli ile ile. Wakakaa chini ya paa moja, wala hawakuonana, wala hawakusalimiana. Hughes akaondoka. Baadaye alisema kwamba hakujua ya kuwa Johnson yumo, na alipoambiwa alituma watu wamwombe radhi. Lakini jambo lilikuwa limekwisha kuharibika.

Wazee wangu, ninyi mwajua kuliko mimi maana ya mgeni kuingia mjini asimpigie mwenye mji hodi. Waliosema habari hii walisema sana juu ya kiburi, lakini mimi sisemi kwamba Hughes alikuwa na kiburi. Nasema kwamba aliwatazama wakubwa waliomzunguka, asimtazame mtu ambaye wananchi wenyewe walimpenda.

Siku ya kura ilipofika, matokeo yalikuwa ya ajabu. Johnson alichaguliwa kuwa seneta wa California, akamshinda mwenzake kwa kura karibu 300,000. Hughes, mgombea wa chama kile kile, katika jimbo lile lile, siku ile ile, alishindwa na Wilson kwa kura chini ya 4,000. Maelfu na maelfu ya watu walimpa Mrepublican useneta, kisha wakampa Mdemocrat Urais. Hawakuvutwa na chama kama ng'ombe kwa kamba. Walimpima kila mtu peke yake.

Nalo jimbo lile lilikuwa na wateule 13. Usiku wa siku ya kura magazeti mengine ya New York yalikwisha kutangaza kwamba Hughes ameshinda, kwa sababu majimbo mengi ya mashariki yalikuwa yake. Lakini habari za magharibi zilikuja polepole, na siku zikapita watu wasijue Rais wao ni nani. Mwisho ikaonekana kwamba Wilson amepata wateule 277, na Hughes 254. Sasa mtu yeyote mwenye kalamu na afanye hesabu. Toa 13 za California katika 277, watabaki 264. Ziongeze katika 254, watakuwa 267. Hughes angalikuwa Rais. Katika kura zaidi ya milioni 17 walizopata watu hawa wawili, kura chini ya 4,000 za jimbo moja ziliamua. Hughes alikaa wiki mbili kabla hajapeleka simu ya kumpongeza mwenzake, tarehe 22 Novemba.

Hayo ndiyo mambo ambayo magazeti yaliyaandika kwa herufi kubwa. Lakini chini yake palikuwa na mambo mengine yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, nayo ndiyo yenye maana katika hotuba yangu.

Katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 435, chama kilihitaji 218 ili kitawale baraza. Hesabu ilipokamilika, hakuna chama kilichozifikia. Warepublican na Wademocrat walikuwa karibu sawa, na katikati walikuwapo wajumbe wachache wa vyama vidogo, ambao unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono. Baraza lilipokutana tarehe 2 Aprili 1917 kumchagua Spika, wachache hao ndio waliokuwa na mizani. Baadhi yao waliwaunga mkono Wademocrat, na Champ Clark wa Missouri akabaki katika kiti cha Spika. Watu waliokuwa wamefikiri kwamba mjumbe wa chama kidogo si kitu waliona siku ile kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Katika wajumbe wapya wa siku ile alikuwamo mtu ambaye Kongresi haikupata kumwona mfano wake tangu ilipoanza. Alikuwa mwanamke, jina lake Jeannette Rankin, wa jimbo la Montana. Alizaliwa mwaka 1880, akakua katika shamba la wazazi wake, akasoma chuo, kisha akazunguka majimbo mengi kudai wanawake wapewe kura. Montana iliwapa haki hiyo mwaka 1914. Miaka miwili baadaye Bibi Rankin aligombea ujumbe kwa chama cha Republican. Jimbo lile lilikuwa na viti viwili, na watu wote wa jimbo walipiga kura kwa pamoja kuvijaza vyote viwili. Yeye akapata cha pili. Montana ile ile ilimpa Wilson kura ya Urais. Hapo tena waona watu waliopima, wala hawakufuata mkumbo. Wakati ule wanawake wa majimbo mengi ya nchi ile walikuwa hawaruhusiwi kupiga kura. Katiba iliwapa wote haki hiyo mwaka 1920. Basi mwanamke huyu aliingia katika baraza la kutunga sheria kabla wanawake wengi wa nchi yake hawajaweza hata kuligusa sanduku la kura.

Hakupewa nafasi ya kuizoea kazi yake. Mwezi wa Januari 1917 Wajerumani walikuwa wametangaza kwamba manowari zao zitazizamisha meli zote katika bahari za adui zao bila kuuliza. Meli za Marekani zikazama. Jioni ya tarehe 2 Aprili, siku ile ile Bibi Rankin alipoapishwa, Rais Wilson aliingia katika Kongresi akaomba vita vitangazwe. Yule aliyesifiwa kwa kuwaepusha watu na vita ndiye aliyekuja kuviomba, miezi mitano baada ya kuchaguliwa. Sisemi kwamba alidanganya, maana mambo ya dunia yalikuwa yamegeuka. Nasema kwamba waliompigia kura kwa neno lile moja hawakuwa na neno tena kwake. Matumaini yao yalibaki kwa wajumbe.

Seneti ilipiga kura tarehe 4 Aprili: maseneta 82 walikubali vita, 6 walikataa. Mmoja wa sita hao alikuwa Robert La Follette wa Wisconsin, naye watu wake walikuwa wamemchagua tena siku ile ile ya Novemba 1916. Baraza la Wawakilishi lilijadiliana mpaka usiku wa manane, na alfajiri ya tarehe 6 Aprili, ambayo ilikuwa Ijumaa Kuu, majina yakaitwa. Wajumbe 373 walikubali, na 50 wakakataa. Bibi Rankin alikuwa mmoja wa hao 50. Jina lake lilipoitwa mara ya kwanza alinyamaza. Lilipoitwa mara ya pili alisema kwamba anataka kusimama pamoja na nchi yake, lakini hawezi kupiga kura ya vita. Hata Claude Kitchin, kiongozi wa chama cha Rais katika baraza lile, alikataa.

Wengine watasema: Kuna faida gani ya kura 50 zilizoshindwa na 373? Faida yake ni hii, kwamba nchi iliulizwa. Kila mjumbe aliitwa kwa jina lake, akajibu kwa sauti yake, na jibu lake likaandikwa, na watu wake waliweza kulisoma na kumlipa kwa wema au kwa ubaya. Wamarekani zaidi ya 100,000 walikufa katika vita vile. Lakini wazazi wao walijua ni nani aliyesema ndiyo na ni nani aliyesema siyo.

Katika siku zile zile vita hivyo vilikuwa vikipiganwa katika Afrika ya Mashariki. Wapagazi wa nchi zetu walichukuliwa kwa maelfu mengi kubeba risasi na vyakula, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, katika Dar es Salaam, ni ukumbusho wa watu wale. Wala hapakuwa na baraza ambalo ndani yake mjumbe wa mpagazi aliitwa kwa jina lake aseme ndiyo au siyo. Tofauti hii hatuna haja ya kuieleza kwa maneno mengi.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, ile karatasi ya Novemba 1916 ilikuwa haijamaliza kazi yake. Rais Wilson alikwenda Ulaya akarudi na mkataba wa Versailles, na ndani yake mlikuwamo mpango wa Shirikisho la Mataifa, ambao aliupenda kama mtoto wake. Lakini mkataba ulihitaji theluthi mbili za Seneti, na uchaguzi wa mwaka 1918 ulikuwa umewapa Warepublican wingi mdogo katika baraza lile. Mkuu wa kamati ya Seneti ya mambo ya nchi za nje alikuwa Henry Cabot Lodge wa Massachusetts. Huyu alichaguliwa na watu siku ile ile Wilson alipochaguliwa, akamshinda John F. Fitzgerald, ambaye baadaye mjukuu wake, John F. Kennedy, alikuja kuwa Rais. Lodge hakuukubali mkataba bila mabadiliko, na Wilson hakukubali uguswe. Miongoni mwa maseneta waliokataa kabisa alikuwamo Hiram Johnson wa California, yule aliyekosa kusalimiwa. Seneti iliukataa mkataba mwezi wa Novemba 1919, na tena mwezi wa Machi 1920, uliposhindwa kwa upungufu wa kura 7.

Basi Marekani haikuingia kamwe katika Shirikisho la Mataifa. Nalo ndilo shirikisho ambalo kwa jina lake Waingereza walipewa amana ya kuitawala Tanganyika. Tazameni umbali wa jambo hili: mkulima wa Massachusetts au wa California aliyeweka alama mbele ya jina la seneta mwaka 1916 alikuwa amekwisha kuweka mkono wake katika mambo ya dunia nzima, ingawa labda yeye alidhani kwamba kazi kubwa ya siku ile ilikuwa kumchagua Rais tu.

Nisingetenda haki kama ningewasifu Wamarekani bila kuwaambia aibu yao. Mwaka 1870 Katiba yao ilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Lakini katika majimbo ya kusini wakubwa walitafuta njia ya kuizunguka. Waliweka kodi ya kura, wakaweka mtihani wa kusoma uliokuwa mwepesi kwa mweupe na mgumu kwa mweusi. Na aliyeyashinda hayo yote alitishwa, au alipigwa, au aliuawa. Mjumbe mweusi wa mwisho wa kusini, George Henry White wa North Carolina, alitoka katika Kongresi mwaka 1901, na tangu hapo hapakuwa na mweusi hata mmoja ndani yake mpaka mwaka 1929, alipoingia Oscar De Priest wa Chicago. Kwa hiyo katika uchaguzi huu wa 1916 watu weusi wengi mno hawakuwa na neno.

Tena kulikuwa na jambo baya zaidi. Viti vya wawakilishi hugawanywa kwa hesabu ya watu wa jimbo. Watu weusi wa kusini walihesabiwa ili jimbo lipate viti vingi, kisha wakakatazwa kuwachagua watakaovikalia. Vichwa vyao vilihesabiwa. Sauti zao hazikuhesabiwa. Na matunda yalionekana upesi. Mwaka 1912 baadhi ya viongozi weusi, kama W. E. B. Du Bois, walimwunga mkono Wilson kwa matumaini ya haki. Mwaka 1913 serikali yake ikaanza kuwatenga makarani weusi na wenzao weupe katika ofisi za Posta na za Hazina. Karani mweusi aliyekuwa ameitumikia serikali miaka mingi kwa uaminifu alijiona amewekwa kando. Wajumbe wa kusini walifurahi, maana aliyetengwa hakuwa na kura ya kuwatia hofu. Sheria yenye nguvu ya kuilinda kura ya mweusi ilipatikana mwaka 1965, baada ya watu wengi kuteswa na wengine kupoteza maisha yao. Aliyekuwa na mashaka juu ya thamani ya kura na atazame jinsi wenye nguvu walivyojitaabisha kumnyang'anya mnyonge karatasi ile moja.

Sasa nafikia mwisho. Katika habari hii nawaombeni mchukue mambo matatu ya kwenda nayo nyumbani.

La kwanza, mjue kazi ya kila mtu mnayemchagua. Kabla ya siku ya kura ulizaneni: Huyu akipata, atakuwa na uwezo gani, na mpaka wake ni upi? Ni nani atakayekubali kodi? Ni nani atakayekubali vita? Mtu hamwajiri fundi wa seremala amchimbie kisima.

La pili, mpimeni kila mmoja peke yake. Watu wa California walimpa mmoja wakamnyima mwenzake wa chama kile kile, na watu wa Montana walifanya kama wao. Chama ni kitu chema cha kuwaunganisha watu wenye nia moja, lakini chama hakijibu barazani jina linapoitwa. Anayejibu ni mtu, naye huwa peke yake kama Bibi Rankin alivyokuwa peke yake alfajiri ile. Alishindwa alipotaka useneta mwaka 1918. Lakini mwaka 1940, katika uchaguzi mwingine wa Rais, Montana ilimrudisha Kongresi, na mwaka 1941 alipiga tena kura ya kukataa vita, safari hii yeye mmoja kati ya wajumbe 389 waliopiga kura. Mwaweza kumlaumu au kumsifu, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba hakujua msimamo wake.

La tatu, msiidharau kura moja. Kura za California zilizoamua Urais hazikuwa nyingi kuliko watu wa tarafa moja. Waliozipiga walikuwa wakulima, wafanyi kazi wa reli, walimu, na akina mama waliotoka jikoni wakafunga milango, wakaenda kupiga kura. Hakuna hata mmoja wao aliyejua usiku ule kwamba yake ndiyo iliyokuwa nzito.

Kama mna maswali, niko tayari kuyajibu kwa kadiri ya ujuzi wangu.